Namba Moja Imekunywa Tena

Siku ya 1, Jumatatu. Mvua.

Daftari hili nimepewa, sikuliomba. Nimepewa na yule dada wa ofisi ya ukaguzi wa vyombo. Gatini wote wanamwita Bi Mkaguzi. Mimi peke yangu namwita Cheti, kwa kuwa anacho, na kwa kuwa hachoki kukitaja. Amesema niandike volti za betri nne za boti ya dada yangu, asubuhi na jioni, siku arobaini, mpaka mvua hizi zikatike. "Andika kila kitu, baba. Hata kile unachoona hakina maana." Haya. Atasoma kila kitu.

Kwanza asome hiki: mimi ndiye fundi umeme wa gati hili tangu yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Lakini nimezunguka na meli miaka kumi na moja. Nimetengeneza taa za meli zenye lifti ndani. Nimegombana na mabaharia kwa lugha nne, na kwa zote nne nilishinda. Boti saba zinazofungwa hapa, zote saba, umeme wake ni mkono wangu. Fungua sanduku langu la betri uone kazi: waya mwekundu na waya mweusi imelala ubavu kwa ubavu kama mapacha, yote miwili imetoka kwenye betri ya kwanza, mifupi, misafi, hakuna unaorandaranda. Kutoka hapo betri ya pili inashikana na ya kwanza, ya tatu na ya pili, ya nne na ya tatu. Nilifundishwa hivyo na fundi mkuu wa meli, mzee mwenye vidole saba aliyeapa kwamba hajawahi kukosea. Vile vitatu vilikwenda wapi sikumuuliza.

Sasa kisa chenyewe. Boti ya dada yangu inavusha watu kwenda ng'ambo, kwenye zahanati na soko. Jina lake ni Usiniulize, limeandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu. Wiki iliyopita pampu yake ilizimika katikati ya maji. Pampu ndiyo inayotoa maji tumboni mwa boti; mvua ikinyesha na pampu imelala, boti inageuka karai. Abiria kumi na tisa walichota maji kwa vifuniko vya ndoo mpaka gatini. Hakuna aliyeumia. Ila ofisi imesema: betri zikifa tena ndani ya siku arobaini, Usiniulize inapandishwa nchi kavu mpaka ofisi itakaporidhika. Na ofisi hiyo kuridhika kwake ninakujua, kuna boti iliyopandishwa hapo nyuma sasa kuku wanaatamia ndani yake. Dada yangu ni nahodha wa Usiniulize mwaka wa kumi na nne huu. Kazi nyingine hana na wala hataitaka.

Betri ilikuwa mbovu, basi. Nimeweka mpya namba moja. Volti 12.7, zote nne. Ziko sawa kama watoto wa mama asiyependelea.

Ndani ya daftari Cheti aliweka karatasi yenye mchoro. Sikuifungua. Nimeikunja mara nne, nikaisukumia chini ya betri namba tatu iliyokuwa inachezacheza. Sasa imetulia. Namshukuru kwa karatasi.

Siku ya 2. 12.7 zote. Nilisema nini mimi?

Siku ya 3. 12.7 zote. Mvua.

Siku ya 5, Ijumaa. 12.7. Nimefungua vifuniko kuangalia maji ya betri. Namba moja imekunywa. Nimeiongezea. Kimya alikuwa amenishikia mwavuli. Kimya ni baharia wa Usiniulize, mtu mzima mwenzangu, anasema maneno matatu kwa wiki na mawili kati ya hayo ni salamu. Leo katazama namba moja, akasema, "Ileile." Nikamwambia ile ya zamani nilishaitupa, hii ni mpya. Akarudia, "Ileile." Tayari kamaliza maneno ya wiki ijayo.

Siku ya 6. 12.6. Mvua ya upande.

Siku ya 8, Jumatatu.

Cheti amekuja gatini na buti zake za mpira. Kapindua kurasa za daftari (salamu kwako, Cheti, najua uko hapa), akaniuliza, "Baba, unazipima zikiwa zimeunganishwa?"

"Mwanangu, zinafanya kazi zikiwa zimeunganishwa. Nizipime zikiwa wapi, harusini?"

"Zikiunganishwa, zote zitakuonyesha volti zilezile. Mgonjwa anajificha kwa wazima. Zitenganishe, ziache saa chache, kisha upime moja moja. Na ile karatasi uliifungua?"

"Karatasi yako inafanya kazi nzuri sana," nilimwambia, na sikusema uongo.

Kimya aligeukia maji. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Siku ya 9, Jumanne.

Nimezitenganisha. Si kwa sababu amesema yeye. Nilikuwa nataka kupiga msasa vichwa vya betri, na huwezi kuvipiga msasa bila kufungua. Nikaziacha tangu asubuhi mpaka mchana, boti ikiwa imefungwa kwa ajili ya upepo. Nikapima.

Namba moja, 12.3. Namba mbili, 12.6. Namba tatu, 12.6. Namba nne, 12.4.

Kwa hiyo namba moja ni mgonjwa na namba nne ana mafua. Nimekwenda kwa mwenye duka la betri nikiwa nimeishika ile 12.3 kama paka aliyeiba samaki. Nilimwambia maneno niliyojifunza bandarini. Mwenye duka akaitazama, akaiwekea kipimo chake, akasema, "Fundi, hii betri ilitoka kwangu nzima. Wewe mwaka huu umenirudishia tano. Ninao wateja hamsini, hao wengine wote pamoja wamerudisha mbili. Hebu jiulize." Nimejiuliza. Nimejijibu kwamba mwenye duka ni tapeli.

Nimeirudisha kwenye sanduku, lakini nimeihamisha: mlevi nimempa namba nne, na ile ya namba nne nimeileta namba moja. Tuone sasa.

Siku ya 10. 12.6.

Siku ya 12, Ijumaa. 12.6. Mvua inapiga bati la gati mpaka tunaongea kwa mikono. Dada yangu kanisimamisha kwenye ngazi. "Kaka, niambie kweli. Zitafika?"

"Nahodha, ungejua nani amekufungia umeme ungelala usingizi wa mtoto."

"Najua nani kanifungia. Ndiyo maana nauliza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Zamani alikuwa mwepesi wa kucheka kuliko mimi.

Siku ya 15, Jumatatu.

Namba moja imekunywa tena.

Narudia ili hata mimi nisome vizuri. Mlevi nilimhamishia mwisho. Aliyekaa namba moja sasa ni yule wa namba nne, ambaye maisha yake yote hajawahi kugusa hata tone. Kakaa namba moja siku sita, na maji yameshuka kidole kizima. Na yule mlevi wa zamani kule mwisho? Hajanywa kitu. Ametulia kama mlokole.

Siku ya 16. Ni joto. Namba moja iko jirani na injini. Nimeweka ubao katikati. Tatizo limekwisha.

Siku ya 17. Namba moja imekunywa tena. Ubao uko palepale, baridi kabisa.

Siku ya 19, Ijumaa. 12.6 zote. Mvua kubwa.

Siku ya 20. Mke wangu haongei na mimi. Anakunja nguo zilizolowa.

Siku ya 21, Jumapili.

Ukurasa wa juzi ni uongo. Sikupima 12.6. Sikupima chochote. Sasa naandika ilivyokuwa.

Ijumaa mke wangu alivuka na Usiniulize asubuhi kumpelekea mama yake dawa, akarudi nayo mchana. Mimi nilikuwa kibandani gatini, nimezungukwa na watu, nawaeleza jinsi nilivyowahi kuwasha meli nzima kwa betri moja na kijiko. Mvua ikashuka kama imemwagwa na mtu mwenye hasira. Tukawa hatuuoni upande wa pili. Kisha tukaiona Usiniulize inakuja, imelala chini mno, taa zake zimefifia rangi ya chai, halafu zikazimika mbele ya macho yangu. Nilijua pale pale. Taa zikizimika, pampu ilishakufa kabla yake.

Dada yangu aliigeuza, mawimbi yakaja kwa nyuma, akaisukuma kwa injini peke yake polepole, kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa mpaka ukingoni. Kimya alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Na abiria nao. Nilimwona mke wangu.

Alipopanda ngazi ya gati hakuwa na viatu. Akasimama mbele yangu na mbele ya wasikilizaji wangu wote.

"Nimechota maji kwa kiatu, baba watoto. Kiatu cha kushoto, kwa sababu cha kulia kilishakwenda. Mwenzangu mmoja alikuwa ananiuliza, shoga, hii boti umeme wake kafunga nani? Nikamwambia simjui."

Akapita.

Nilishuka kwenye sanduku. Namba moja, ile iliyotoka namba nne, ilikuwa inachemka, seli moja imekufa kabisa. Nayo ilikuwa imeshikana na zile tatu, inazinyonya. Dada yangu akaja akachuchumaa karibu yangu, maji yanamtiririka puani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kaka. Ofisini hawajui. Abiria nitaongea nao, ni watu wangu. Hii usiandike. Nakuomba kama mdogo wako."

Nikaandika 12.6.

Basi, hiyo ni Ijumaa. Leo Jumapili binti yangu na mumewe wamekuja kula. Tumekaa wanne kwenye benchi letu refu ukutani: mke wangu mwanzo, karibu na mlango wa jikoni, kisha mimi, kisha binti, kisha mkwe. Mke wangu alikuwa bado hajaniongelesha. Binti akasema, mama, chumvi. Akaenda. Mkwe, kwa adabu zake zote, akasema, mama samahani, na maji ya kunywa. Akaenda. Mimi nikasema, na lile bakuli jingine. Akarudi na bakuli, akaliweka kwa kishindo, akasema neno lake la kwanza kwangu tangu Ijumaa:

"Hama."

"Nihame niende wapi?"

"Kaa hapa mlangoni. Wewe si unajiona una nguvu? Kaa hapa."

Nikahamia. Nakwambia, sikumaliza tonge tatu. Baba, uko karibu, tuletee kijiko. Baba, samahani sana, pilipili. Baba, funga dirisha, mvua inaingia, halafu ukirudi njoo na kitambaa. Chakula kilipoingia kilianzia kwangu, wakanipakulia mlima. Vyombo vilipotoka vilipitia kwangu vyote. Mkwe wangu kule mwisho alikuwa amekaa kama picha ya ukutani, hatumwi, na chakula kilipomfikia kilikuwa makoko.

Mke wangu akasema, "Umeona? Si kwamba mimi ni mzembe, nachoka haraka. Ni hiki kiti. Mtu yeyote mkimweka hapa atachoka."

Nikaacha kutafuna.

Hiki kiti.

Betri tano mwaka huu, na huyu wa Ijumaa wa sita. Zote zilikufa zimekaa namba moja. Waya mwekundu uko namba moja, waya mweusi uko namba moja. Pampu ikiomba, inamwomba aliye mlangoni. Injini ikichaji, inamlisha aliye mlangoni mpaka anachemka na kumaliza maji yake, na yule wa mwisho anaambulia makoko. Umeme ni mvivu kama mimi, unapenda njia fupi. Na njia fupi niliitengeneza mimi, kwa mikono yangu, nikaiita usafi wa kazi.

Niliinuka, nikakusanya vijiko mezani, nikavipanga. Wakadhani nimeugua. Nikamwuliza mke wangu, "Je, chakula kikiingilia mlango huu, na vyombo vikatokea kule kwa mkwe, dirishani?"

"Basi kila mtu atapokezana sawa," akasema. "Hata mtoto anajua."

Nikahesabu kwa vijiko. Mwekundu ukae betri ya kwanza, mweusi ukae ya nne. Umeme wa namba moja hauruki kiungo chochote cha betri na betri upande wa mwekundu, unaruka vitatu upande wa mweusi. Wa namba mbili, kimoja na viwili. Wa tatu, viwili na kimoja. Wa nne, vitatu na hakuna. Kila mmoja vitatu. Kila mmoja vitatu! Nilihesabu mara tano. Binti yangu akasema, mama, baba analia. Silii. Pilipili.

Siku ya 22, Jumatatu.

Nimefanya. Spana moja, waya mmoja mrefu zaidi, muda wa kunywa chai. Nimeuhamisha mweusi kutoka betri ya kwanza hadi ya mwisho. Miaka ishirini na tatu ya ujuzi wangu imerekebishwa kwa muda wa chai. Betri iliyokufa nimeitoa, nimeweka nyingine. Sanduku langu sasa lina waya unaopita juu kwa juu, mbaya kutazama, na sitaki kusikia neno la mtu.

Nilipoinyanyua namba tatu nisafishe chini, nikaikuta karatasi ya Cheti. Imelowa kingo. Nikaifungua. Betri nne zimechorwa, mwekundu mwanzo, mweusi mwisho, na mstari mmoja wa maneno kwa mwandiko wa kutulia: *Baba, waya mweusi tu, uhamishie huku. Vingine vyote umefunga vizuri sana.*

Vizuri sana, kasema.

Nilikaa na hiyo karatasi mpaka Kimya akaniuliza kama nimepigwa shoti.

Siku ya 23, Jumanne.

Nimemwambia dada yangu kwamba Ijumaa nimeiandika, yote, na ule uongo sikuufuta, nimeuacha ukae na aibu yake.

"Umeniuza, kaka."

"Nimejiuza mwenyewe. Wewe umo kama nahodha aliyewarudisha watu wote."

"Boti ikipandishwa utakuja kunisomea hilo daftari? Nikiwa nafuga kuku ndani?"

"Sikiliza. Nikinyamaza, watu watasema betri zilikuwa mbovu zikapona zenyewe. Kesho fundi mwingine atafungua sanduku, ataona waya wangu mrefu unaopita juu, atasema huyu mzee kazeeka, atairudisha kama zamani. Nawe utakuwa katikati ya maji."

Akaanza kufunga vifungo vya koti lake. Akasema, "Wewe maisha yako yote hujawahi kukubali kosa hata la kumwaga uji. Umechagua boti yangu uanzie hapo."

Kweli. Kwa lugha zote nne, hii ndiyo mara yangu ya kwanza kushindwa.

Siku ya 24. Nimezitenganisha, nimesubiri, nimepima. 12.6, 12.6, 12.6, 12.6. Maji yako palepale.

Siku ya 26. Mvua. Hakuna aliyekunywa.

Siku ya 29. 12.7, moja moja, si kwa kujificha. Namba moja haijanywa. Kimya kachungulia, kasema, "Siyo ileile." Nimemwomba arudie, akakataa.

Siku ya 31. Dada hanisalimii. Anamwambia Kimya aniambie, na Kimya hasemi, kwa hiyo sijui ninachoambiwa.

Siku ya 34, Jumamosi.

Mvua ya leo ilikuwa mama wa ile ya Ijumaa ile. Usiniulize ilikuwa ng'ambo, na ndani alikuwemo mke wangu. Asubuhi nilimwambia asivuke. Kaniuliza, "Umefunga wewe?" Nikasema ndiyo. "Ulivyofunga zamani au ulivyofunga kwenye vijiko?" Nikasema kwenye vijiko. Akachukua kikapu chake, akavaa viatu vipya, akaenda.

Mimi leo sikuhadithia mtu. Nilisimama mwisho wa gati bila mwavuli. Watu wa kibandani wakaniita, fundi, njoo umalizie ile ya kijiko! Sikugeuka.

Usiniulize ilitokea kwenye mvua, taa zote zinawaka nyeupe, na ubavuni maji ya pampu yanaruka kama mkojo wa ng'ombe. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na nimewahi kuona taa za bandari kumi na nne.

Mke wangu kapanda ngazi, viatu vyote viwili miguuni. Kanipita, kisha karudi hatua moja. "Wameniuliza tena nani kafunga," akasema. "Nimewaambia namfahamu kidogo."

Siku ya 37. 12.7. Mvua inakatika.

Siku ya 40, Ijumaa. Jua.

Cheti kaja. Kaomba nizitenganishe betri mbele yake, na wakati zinasubiri akakalia ngazi ya gati, akasoma daftari. Lote. Tumesimama mbele yake watatu, mimi, dada, na Kimya, kama watu waliokamatwa na kuku. Nilikuwa nimesahau nimeandika nini humu mwanzoni. Yeye alinikumbusha.

"'Namwita Cheti,'" akasoma kwa sauti, "'kwa kuwa anacho, na kwa kuwa hachoki kukitaja.'"

"Ulisema niandike kila kitu."

"Nilisema." Akapindua. "Karatasi yangu iliwekwa chini ya betri namba tatu."

"Na kazi ilifanya, nilikwambia."

Kimya akacheka kwa sauti. Abiria waligeuka kuangalia nani anacheka.

Cheti akafika siku ya 19. Hapo hakusoma kwa sauti. Akasoma ya 21, akarudi ya 19, akasoma tena ya 21. "Usingeandika hii nisingejua," akasema.

"Usingejua."

Dada yangu akawa anatazama Usiniulize kama mtu anayeaga. Nikasogea mbele. "Nahodha hakukosea. Boti haikukosea. Mikono iliyokosea hii hapa, ina vidole vyote kumi. Ukitaka kupandisha kitu nchi kavu, nipandishe mimi."

Cheti akapima betri, moja moja. Nne, zote sawa. Akaangalia maji. Akaandika kitu kwenye karatasi zake, akampa dada yangu. "Agizo lilisema mpaka ofisi iridhike. Kasoro imejulikana, imerekebishwa, na siku kumi na nane zimeandikwa. Nimeridhika. Vusha watu wako, nahodha."

Dada alishika karatasi kwa mikono miwili. Cheti akaanza kufunga mfuko wake. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ahsante akaenda kunywa chai.

"Bado," nikasema.

"Kaka," dada yangu akaninong'oneza, neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki mbili, "kaka, tumepona, nyamaza."

"Bado kuna boti sita. Zile pale. Zote nimezifunga mimi, mwekundu na mweusi mlangoni, safi kama mapacha. Hakuna iliyozimika bado kwa sababu zinavuka karibu. Zitazimika."

Gati lote lilikuwa linasikiliza. Pale kibandani, wale wale wa hadithi ya kijiko. Cheti akatoa mfukoni kitabu cha ofisi cha majina ya mafundi wanaotambuliwa, akapiga mstari juu ya langu mbele ya macho yangu. Mstari umenyooka. Anajua kuchora huyu.

"Mpaka zote sita ziwe sawa," akasema. "Nitakuja kuzipima mwenyewe."

"Lete na viatu vya kupandia," nikamwambia, "maana sitakusubiri."

Akatabasamu, mara ya kwanza nimemwona. Akasema, "Baba, vingine vyote umefunga vizuri sana. Nilimaanisha." Akaenda na buti zake. Kuanzia leo namwita Bi Mkaguzi, kama watu wengine. Daftari kaniachia.

Dada yangu kanipa spana. Kisha kasema, "Anzia ya yule anayekucheka sana, ukimaliza yake wengine watakuwa rahisi." Ni damu yangu huyu.

Basi naandika hapa nikiwa nimekalia sanduku la betri la boti ya pili. Mwenye boti ameanza kunicheka tangu nilipokuwa kwenye ngazi: eti bingwa wa bandari kumi na nne amekuja kujisahihisha? Nimemwambia ndiyo, na ashike taa. Ya Usiniulize nilishaandika ndani ya kifuniko, kwa rangi ya bluu iliyobaki ya jina lake, herufi kubwa nilizofundishwa mpaka darasa la sita, na haya ya hapa nayaandika hivyo hivyo, ayasome atakayefungua nikiwa nimeshasonga mbele:

MWEKUNDU BETRI YA KWANZA. MWEUSI BETRI YA MWISHO. NILIKUWA NAFUNGA VINGINEVYO, NILIKOSEA. ANAYETAKA KUBISHA ANIFUATE, NIKO BOTI YA TATU.